Barua kwa Mama Nabwire Kuhusu Maji Kwenye Oili

Mpendwa Mama Nabwire,

Jumapili iliyopita Njoroge alisimama kanisani. Mchungaji alikuwa ameuliza kama kuna mtu mwenye neno la kuifariji familia, nami nikaomba kimoyomoyo asiinuke mtu, maana tangu tukuzike maneno ya faraja yamenichosha. Njoroge akainuka. Unamjua, si mtu wa maneno mengi. Akasema yeye ni mzima leo, ana mke na watoto pale Gatongora, kwa sababu Fundi alisema ukweli siku ambayo ukweli ulikuwa na hatari. Fundi ndiye mimi. Watu wakageuka kuniangalia. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu, nikanyamaza.

Ndiyo maana nakuandikia, na barua hii siitii kwenye bahasha. Nitaisoma palepale alipotoa shukrani zake.

Wewe unaikumbuka injini ya mashua kuliko ulivyotaka kuikumbuka. Ulikuwa ukisema naongea nayo vizuri kuliko ninavyoongea na wewe. Bwana mwenye shamba la kahawa aliinunua ikiwa imechoka tayari, na akaniajiri mimi kwa sababu nilijifunza injini za mashua kule kwetu ziwani. Tulipofika Ruiru na sanduku letu moja, ukaliangalia bwawa la shamba, ukaniuliza, "Tumetoka kwenye ziwa zima lile, tukapanda treni usiku na mchana, kuja kufuata kidimbwi?" Nilikasirika. Sasa nikikumbuka nacheka peke yangu, Nabwire ananiuliza nacheka nini.

Kazi ya mashua ilikuwa kumbeba Njoroge na wenzake wakivuta magugu ya maji yasizibe mdomo wa pampu. Pampu ikiziba, maji hayafiki kiwandani kwa kuosha kahawa, na kahawa ikishachumwa haimngoji mtu. Ule ulikuwa mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka Mau Mau, na kahawa ilikuwa nyekundu shamba zima, siku nilipofungua skrubu ya chini ya mguu wa injini. Mguu ni ile sehemu inayozama majini, gia zimo ndani yake, zinaogelea kwenye oili nzito ya rangi ya asali. Ilitoka nyeupe. Ulikuwa umeniletea chakula, ukachungulia kwenye bakuli ukasema, "Hii mbona ni chai ya Bwana, maziwa mengi majani kidogo?"

Nilikueleza kwamba maji yameingia, na gia zikikaa kwenye maji zitaliwa na kutu mpaka zisagike. Nikavua propela. Nyuma yake nikakuta nyuzi za katani kutoka kwenye kamba ya reki za magugu, zimejizungusha kwenye shafti na kuikata sili, ule mpira wa duara unaozuia maji. Nilifurahi sana kwamba nimepata chanzo. Lori la Bwana likaenda Thika, likarudi na sili mpya, nikaifunga.

Kilichobaki kilikuwa kutia oili. Mguu hujazwa kutoka tundu la chini kwenda juu ili hewa itoke, na bomba la kazi hiyo hatukuwa nalo. Nikalikumbuka lile bomba dogo la mpira, la mviringo lenye mdomo mwembamba, tulilomnunulia Nabwire alipofunga choo. Uliniona nikilichukua.

"Hilo ni la mtoto," ukasema.

"Nitalirudisha jioni."

"Likirudi na oili yake, mtalala nalo nje wote wawili."

Kwa mtoto hukulitumia tena. Lakini kila lilipokuja nyumbani uliliosha kwa maji moto na sabuni, ukalitundika mdomo chini, kwa sababu kitu kichafu hakilali ndani ya nyumba yako. Mimi asubuhi nililifuta nje kwa kitambaa, nikaenda nalo kazini.

Baada ya siku mbili oili ikawa nyeupe tena. Nikabadilisha washa za skrubu zote mbili, vile viduara vya kuzibia, nikatia oili mpya. Nyeupe tena. Bwana akaanza kuja bwawani mara tatu kwa siku, anasimama nyuma yangu. Jumamosi asubuhi niliung'oa mguu wote, nikauzamisha kwenye karai la maji, nikatia upepo kwa pampu ya baiskeli. Penye tundu povu lingetoka. Nilipampu mpaka mkono ukachoka. Hakuna povu hata moja.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka kila mtu asikie vizuri. Bwana aliniuliza, "Kama hakuna tundu, maji yanaingiaje?" Ningeweza kusema sijui. Neno dogo hilo. Lakini mimi nilikuwa fundi kutoka ziwani, na fundi kutoka ziwani hasemi hajui. Nikasema, "Hapa kuna mkono wa mtu, Bwana."

Ufunguo wa kibanda cha mashua ulikuwa kwa Njoroge. Sikumtaja jina, na kwa miaka hii yote nimejificha nyuma ya hilo. Siku zile Mkikuyu kushukiwa tu kulitosha. Bwana akamfungia stoo ya magunia, akatuma habari polisi waje na lori Jumatatu asubuhi kumpeleka kambini akaulizwe maswali. Tulikuwa tumewaona waliopelekwa kuulizwa. Wengine mpaka leo hawajarudi.

Nilikuja nyumbani nikakusimulia habari ya karai na povu, ya Njoroge nikaipitisha haraka. Kesho yake, baada ya kanisa, ukaniita.

"Baba Nabwire, hili bomba mara ya mwisho nimeliosha Alhamisi." Ukaliminya juu ya sahani. Yakatoka maji, kama vijiko viwili. "Ndani ulikuwa unalikausha kabla ya kuvuta oili?"

Nikayaangalia yale maji kwenye sahani.

"Basi aliyetia maji ni wewe. Mimi naosha, wewe unatia. Twende tukamwambie Bwana."

"Kesho."

"Kesho lori litakuwa limekuja na kuondoka."

"Unataka tufukuzwe? Tutalala wapi na mtoto?"

"Na Njoroge atalala wapi?"

Mama Nabwire, nilikwambia naogopa kufukuzwa, na ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine sikuwahi kuisema. Kichwani nilimwona Bwana akicheka, na mpishi wake, na wachumaji kahawa wote, kwamba fundi mkubwa wa ziwani ameitia injini ya mzungu maji kwa bomba la choo la mtoto, halafu akatafuta mchawi. Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa mtu kufa. Nikakuomba chai.

Ukanimiminia. Ukamfunga Nabwire mgongoni, ukafunga kitambaa chako cha kanisani, ukalichukua bomba. Nilikuona kupitia mlangoni ukishika njia ya kwa Bwana. Ningeweza kukufikia kwa hatua ishirini. Nilikaa nikanywa chai.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa na mpishi. Kwamba ulisimama kwenye veranda, ukaliminya bomba mbele ya viatu vya Bwana, ukasema, "Mume wangu amenituma nikuonyeshe kosa lake. Yeye anaona haya, lakini amesema Njoroge hana hatia." Bwana alicheka mpaka akaketi, halafu akatoa ufunguo wa stoo mfukoni. Uliporudi ulisema tu, "Njoroge amekwenda kwa mke wake," ukaniuliza kama chai ilikuwa na sukari ya kutosha.

Jumatatu nililikausha bomba juani, nikatia oili, na injini ikafanya kazi mpaka mavuno yakaisha. Oili niliyoimwaga mwisho wa msimu ilikuwa safi kabisa. Bwana alinishika bega akasema, "Wewe ni mtu mkweli, Fundi. Wengine wangenyamaza." Nikasema asante. Mwaka uliofuata akanipa mashine zote za shamba niziangalie, na nyumba hii ya mawe tuliyohamia. Watu wakaanza kuniletea kesi zao niwaamulie. Njoroge akawa rafiki yangu wa karibu kuliko ndugu, kwa sababu Bwana alimwambia nani alimtoa stoo, hakumwambia nani alimtia.

Nawe hukuniumbua. Hata ile siku tulipogombana juu ya pombe, ukaniita majina yote unayoyajua, hilo hukulitaja. Ulipokuwa mgonjwa nilijaribu. Nilianza, "Ile Jumapili uliyokwenda kwa Bwana..." ukanishika mkono ukasema umechoka, nikafurahi kwamba umechoka. Nina haya hata kuandika hivyo.

Nyumba imekuwa kubwa. Nabwire ananiuliza maswali yako, kwa sauti yako, nami sina majibu mazuri. Nataka akue akijua mama yake alikuwa nani, na hilo siwezi kumpa nikiwa nimevaa heshima yako mbele za watu.

Jumapili nitaomba dakika chache kwa Mchungaji. Njoroge huketi benchi la pili na mke wake. Labda baada ya hapo hatanisalimia tena, na sitamlaumu. Atajua aliyemfungia ni mimi, na aliyemfungulia ni mwanamke aliyekwenda peke yake na mtoto mgongoni, akatumia jina langu ili mume wake asipungue.

Lala salama, mke wangu. Nimekula sifa zako muda mrefu mno, nazirudisha. Ulimwambia Bwana nimekutuma. Sikukutuma.

Mume wako,
Baba Nabwire