Msiingie Bila Muuguzi

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Watoto wamepona mafua? Huku tunasukuma siku. Asante kwa kunialika kwenye kikao cha wizara yenu. Nilidhani sisi akina mama wa kujitolea tungekaa nyuma tunywe chai, kumbe hata kipaza sauti nilipewa! Ulinisikia nikiomba: tunapokwenda majumbani kuwaosha na kuwageuza wagonjwa, tupate muuguzi wa serikali wa kufuatana nasi. Vidonda vya mgongoni vya yule fundi cherehani mzee vinatushinda, na hana mtu mwingine. Mwandishi wa sera si ni wewe? Tusaidie.

Dada yako

20 Juni

Dada,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Furahi: ombi lako limeingia kwenye mwongozo mpya wa wizara, nimeliandika mwenyewe! Kuanzia mwezi ujao, mhudumu wa kujitolea haingii nyumba ya mgonjwa bila muuguzi. Kikundi chenu kimetajwa ukurasa wa washirika. Wakubwa wamekusifu mno.

Mdogo wako

11 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi sijambo kwa kusema tu. Niliomba mtu wa kutuongezea nguvu, wewe ukatufungia mlango. Zahanati ina muuguzi mmoja, naye hatoki. Tumeonywa kwamba tukiingia, kikundi kitafutwa. Fundi nampitishia uji dirishani, lakini kumgeuza siwezi. Jana aliniuliza amenikosea nini. Nililia njia nzima. Najua haraka haina baraka, ila hili lifanyie haraka.

Dada yako

2 Septemba

Dada,

Shikamoo, na pole sana. Nimelipeleka suala lako. Kamati itakaa Novemba. Nikilipinga leo jambo nililoliandika mwenyewe, nitaeleweka vipi? Vumilia kidogo. Wiki ijayo tunazindua mwongozo rasmi, na wanataka wewe uzungumze kwa niaba ya wanaojitolea. Gari litakufuata.

Mdogo wako

10 Septemba

Mdogo wangu,

Leo sina nguvu za kuuliza hali. Gari lilikuja, nikamrudisha dereva. Juzi fundi hakuitika dirishani. Nikasukuma mlango, na liwalo na liwe, nikamkuta ameshakata roho, shuka limegandana na mgongo. Nina hasira na wewe, na bado ni mdogo wangu.

Tumemwosha vizuri, sisi wenyewe. Mwongozo wako unataja wagonjwa tu, kwa hiyo safari hii hakuna aliyetuzuia.

Dada yako