Kiti cha Itongowa

Ifakara, 9 Novemba 1956

Mama mdogo Eufrasia,

Shikamoo. Sisi hapa tu wazima, ila mama anakohoa kidogo. Je, wewe, baba mdogo Kasmiri na mdogo wangu Digna mnaendeleaje?

Baba amerudi kutoka mkutano wa Muungano wa Wakulima wa Mpunga. Ombi la kijiji chenu cha Itongowa la kujiunga lilisomwa mbele ya wajumbe wa vijiji vyote sita. Mjumbe mmoja, Bwana Nikodemu, akakumbusha kwamba ule mwaka vijiji vilipozuia mpunga ili bei ipande, Itongowa ilimuuzia mfanyabiashara kwa siri, bei ikaanguka kwa wote. Wengine walisema hayo yamepita. Lakini kanuni ni kwamba kijiji kipya huingia wote wakikubali. Mmoja akikataa, basi.

Baba, kwa kuwa ni mwenyekiti, alitafuta njia ya katikati. Msimuuzie mfanyabiashara hata pishi moja msimu huu, kisha mwezi wa saba mtapokelewa. Nilimuuliza, "Baba, ni ahadi?" Akasema, "Waandikie." Mkiingia, mpunga wenu utahifadhiwa katika ghala letu, na Digna atapata nafasi kwenye bweni la watoto wa Muungano, asome nami.

Mwanao,
Emerensiana


Itongowa, 20 Februari 1957

Mwanangu Emerensiana,

Marahaba. Tunapumua. Mwambie shemeji yangu mwenyekiti kwamba njia yake ya katikati inapita tumboni mwetu.

Mfanyabiashara aliposikia hatutamuuzia, alifunga duka, akapakia chumvi, unga na mafuta ya taa kwenye mtumbwi. Alituambia, "Huo Muungano wenu uwaletee chumvi." Sasa mto umejaa, hakuna pa kupita. Tunakula majani ya maboga, na samaki siku Kasmiri anapopata. Juzi tulimzika mtoto wa jirani yetu Rosa. Aliharisha, na hakukuwa na unga wa kumpikia uji.

Wazee walikaa wakaulizana kama tumwite yule mtu arudi. Kasmiri akawasomea barua yako. Wakasema tuvumilie. Mpunga umesimama vizuri, na Digna kila siku anataja bweni.

Mama yako mdogo,
Eufrasia


Ifakara, 21 Julai 1957

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Poleni sana kwa kifo cha mtoto wa jirani yenu Rosa. Natumaini mmevuna mkiwa na afya. Mama amepona kikohozi.

Mkutano umefanyika. Baba alieleza kwamba mmetimiza sharti, na wajumbe watano wakakubali. Bwana Nikodemu akasimama, akasema, "Mwenye njaa huahidi chochote. Tuwaone wakiwa wameshiba." Mjumbe mwenzake, Mzee Barnaba, akamwambia, "Na wewe uliyeshiba, uliwahi kutuahidi nini?" Watu wakacheka, hata Nikodemu mwenyewe, lakini hakubadilika. Baba akafunga mkutano. Ombi lenu litaangaliwa tena mwakani.

Nyumbani nilimuuliza kuhusu ahadi. Akasema kwamba Muungano ukivunjika kwa ajili ya kijiji kimoja, vijiji sita vitarudi kuuza kila kimoja peke yake. Sista hutufundisha kulitazama jambo pande zote mbili. Nimelitazama, na bado mpunga wenu hauna ghala.

Tafadhali ngojeni tena. Mwakani huenda Nikodemu asiwe mjumbe.

Mwanao,
Emerensiana


Itongowa, 30 Septemba 1957

Mwanangu,

Marahaba. Usilie. Uliandika ulichoambiwa.

Mpunga ulijaa hadi tunapolala, panya wakawa wenyeji kuliko sisi. Mfanyabiashara alirudi, akataja bei ya kutudhihaki, tukampa. Hatukuwa na mwingine. Kisha akaja mtu wa kuandikisha vibarua wa mashamba ya katani. Rosa alikuwa wa kwanza kutoa jina. Kasmiri naye ametoa, na karibu nyumba zote. Tunaondoka wiki hii kuelekea upande wa Kilosa. Shamba gani, hatujui.

Mwambie shemeji asitutafutie njia nyingine.

Mama yako mdogo,
Eufrasia


Ifakara, 19 Julai 1958

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo, popote ulipo. Barua tatu nilizotuma zimekosa majibu. Hii nampa Ponsiano, dereva wa lori la Kilosa, aulize kila shamba la katani atakalopita. Ikikufikia, mpe yeye neno moja tu, hata kama ni la mdomo.

Itongowa imepokelewa katika Muungano. Wote walikubali, na Bwana Nikodemu ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Mlipoondoka, watu wa kijiji chake walivuka mto wakalima mashamba yenu. Mjumbe wa Itongowa ni mdogo wake, Marselino. Baba alimwonyesha kiti chake. Nilimuuliza baba kama hao ndio Itongowa. Akasema kanuni inataja kijiji, haitaji watu. Kisha akatoka nje, na chakula chake kikapoa.

Nafasi ya bweni amepewa binti wa Marselino. Kitanda chake kiko karibu na changu. Ni mtoto mpole, hana kosa lolote, na namsaidia hesabu. Jana aliniuliza kama ninamfahamu mtu yeyote wa kijijini kwao, Itongowa. Nikamwambia nilikuwa ninawafahamu wote.

Mwanao,
Emerensiana