Darasa Wanalolikwepa

Kariakoo, 9 Februari 2023

Mdogo wangu Nurdin,

Hujambo huko Mtwara? Na wifi yangu Sabaha, hajambo? Sisi wazima, ila mafua ya vumbi hayatuachi. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Nimeanza chuo. Usicheke. Ni hapa hapa nyuma ya soko, cheti cha ugavi, ila kwanza niko kozi ya maandalizi, ya sisi ambao Hisabati na Kiingereza vilitupita kushoto. Saa tisa nafunga duka la vitenge, nakimbia darasani. Mkufunzi wetu, Madamu Candida, siku ya kwanza alisema, "Mimi nimepangiwa hapa, sikuomba." Tulicheka, lakini iliniuma.

Wewe nawe ni mkufunzi. Huwa mnatuonaje?

Dada yako,
Hajira


Mtwara, 2 Machi 2023

Shikamoo dada,

Hatujambo, Sabaha anakusalimu sana. Umeuliza, sikufichi. Hapa chuoni kozi hiyo tunaikwepa. Ratiba ikipangwa, kila mtu ana udhuru. Mwaka juzi mimi nilimsukumia mwajiriwa mpya. Ofisini tunasema hao walitakiwa wawe wameyajua haya tangu sekondari, na wengi hawafiki mwisho.

Dada, una duka, una heshima zako. Kwa nini ujitese?

Mdogo wako,
Nurdin


Mtwara, 20 Juni 2023

Shikamoo dada,

Uzima upo? Huu ni mwezi wa nne hujaniandikia. Nikipiga simu anapokea shemeji Shomari, anasema uko dukani.

Najua ni barua yangu. Mama alipofariki uliacha shule kidato cha pili ili mimi niendelee. Ulikuwa unasonga ugali huku unanisikiliza nikisoma. Nikikosea, unanirudisha pale pale. Hukuwahi kuniambia sitafika.

Muhula huu nimeliomba lile darasa. Wenzangu wamenicheka. Siku ya kwanza mama mmoja, Siwema, akaniuliza, "Mwalimu, na kesho utakuja?" Wakufunzi wawili wameshawaacha. Nikageukia ubao, nikaandika tarehe.

Nimekukumbuka, dada. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Nurdin


Kariakoo, 11 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima.

Barua yako ya Machi niliisomea dukani, na siku ile sikwenda darasani. Nikakaa wiki tano. Halafu Madamu Candida akaja mpaka dukani, kasimama katikati ya marobota, jasho linamtoka.

"Hajira, ni lile neno langu la siku ya kwanza?"

"Hapana, madamu. Ni la mdogo wangu."

Nikampa barua. Akaisoma yote, akanirudishia. Kisha akasema, "Hata mimi ningemwandikia dada yangu hivi hivi. Rudi."

Nimerudi. Kiingereza nimefaulu. Hisabati nimefeli, narudia Januari, na bado naiogopa. Hasira nilikuwa nazo. Kila barua niliyoanza kukuandikia niliichana. Lakini matokeo yalipotoka wiki jana, mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe, na hukuwepo. Mwaka wa sita huu hujakanyaga kwangu.

Huyo Siwema mjibu kwa kwenda darasani kila siku. Likizo ikifika, njoo. Ukufunzi uache huko huko, mimi nataka nikuone unakula.

Chumba chako tulikijaza marobota ya vitenge. Leo nimeanza kuyatoa.

Dada yako,
Hajira