Cheti cha Alwi

Kitale, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumai uko salama na ile presha imeshuka. Huku niko sawa, ni bega tu linauma baada ya mazoezi. Simu zetu kocha amechukua, ndiyo maana naandika.

Mama, wanachagua mrushaji mmoja wa besiboli aende Afrika Kusini, na kocha Nehemiah anasema mpira wangu hakuna anayeugonga. Lakini ni timu ya chini ya miaka kumi na nane, na mimi nina ishirini na moja. Nitumie cheti cha kuzaliwa cha Alwi. Angekuwa na kumi na saba sasa. Nakuomba. Nikikosa hii narudi kule mji wa Kwanza kubeba magunia ya mahindi mpaka nizeeke.

Mwanao,
Naim

Bungoma, 10 Machi

Naim,

Waaleikum salaam. Presha itashuka aje? Ati nikupe cheti cha ndugu yako! Miaka minane yuko kaburini, na hiyo ndiyo karatasi pekee niliyo nayo yenye jina lake. Nilikasirika mpaka chapati zikaungua. Kisha nikakumbuka mgongo wako na yale magunia.

Kimo ndani ya bahasha. Mungu atusamehe.

Mama yako

Kitale, 2 Aprili

Mama,

Salaam nyingi. Nimechaguliwa! Lakini kuna afisa wa kuhakiki umri atakuja huko kuuliza maswali. Tafadhali mwambie aliyekufa ni Naim.

Mwanao

Bungoma, 21 Aprili

Mwanangu,

Salaam. Mimi si mzima. Afisa alikuja Alhamisi, akauliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja, Alwi, mkubwa wake tulimzika. Akataka kuona kaburi. Nikampeleka, nikasimama juu ya Alwi wangu nikalia jina lako. Kilio kilikuwa cha kweli, Naim. Tangu siku hiyo sipati usingizi, naona kama nimekuzika kwa mdomo wangu.

Niandikie. Weka jina lako chini nilione, mara moja tu. Nikishaliona, barua hiyo nitaichoma.

Mama yako

Kitale, 30 Aprili

Mama mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumai umepata nafuu. Barua yako Kipkoech, mwenzangu wa timu, alinipa mkononi, nimeisoma mara nyingi. Bega limepoa. Tunasafiri kesho.

Siku hizi barua tunazoandika zinasomwa ofisini kabla ya kutumwa. Usilie, mama.

Mwanao,
Alwi