Kitabu Kilichomsahau Mjomba

Mocímboa da Praia, Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Na muhogo, mliwahi kuung'oa kabla nguruwe pori hawajauona? Mimi mzima, na Atija mzima, ana meno sita na ameanza kusimama akishika ndoo yangu ya samaki. Barua hii nampa Bi Salama, mwenzangu wa bandarini. Anakwenda Palma kwa dada yake, na huko atatafuta mtu wa Pundanhar.

Zena mdogo wangu, najua wewe ndiye unayesoma. Ishia hapo kwanza. Kamwite Mjomba Saidi aje akae, kisha uanze tena juu. Usiruke neno kwa kumwonea haya.

Mama, kazi yangu ni ile ile, napasua samaki, natia chumvi, naanika. Vidole vimechanika lakini mtoto anakula. Jumamosi mchana nakwenda kwenye kisomo cha kina mama pale shule. Anayetufundisha, profesora wetu, ni binti wa kutoka mji wa Pemba, nadhani mdogo kuliko mimi, ila tunamheshimu. Mwezi uliopita alikuja na kitabu cha kale cha Waingereza, cha enzi za yule malkia wao aliyevaa nguo nyeusi, kimegeuzwa Kireno. Akasema atatusimulia, na sisi tukisimulie upya kama mambo yametokea hapa hapa kwetu, halafu tukakiseme redioni, kila mmoja na kipande chake.

Kinahusu binti mfua nguo wa nyumba kubwa. Mtoto wa mwenye nyumba akamdanganya, akapata mimba, akafukuzwa. Akatembea kwenye theluji na tumbo lake, akabadili jina, akajifungua, na miaka yote akawa anasema mtoto si wake, ni wa marehemu dada yake. Mwisho wakamjua. Akafa kwa homa na aibu kwenye ngazi za kanisa, na wale wale waliomfukuza wakamlilia.

Tukaanza kukihamisha. Theluji nani kaiona? Tukaweka masika ya njia ya Pundanhar, tope mpaka magotini. Nguo za kufua tukazitoa, tukampa samaki. Nyumba kubwa tukampa tajiri wa hapa mjini, tukabishana anakaa mtaa gani mpaka profesora akatukataza, maana wengine walishaanza kutaja majina. Mama, sijacheka hivyo tangu nitoke nyumbani.

Tulipofika pale pa kufukuzwa, Bi Salama akaweka chini ukili aliokuwa anasuka, akauliza, "Profesora, huyo binti kwao hakuna mjomba?"

Profesora akafunua kurasa, akasema kitabuni hakutajwa.

"Basi hicho kitabu kimesahau mtu," akasema Bi Salama. "Mtoto ni wa kwa mama yake. Baba akikimbia, mjomba yupo. Angekuwa na mjomba huyo, angefia ngazini?"

Wakacheka wote, wakakubaliana mjomba aingizwe. Mimi sikucheka. Nilikuwa nanyonyesha, nikainamisha uso nikajifanya namfuta Atija maziwa. Maana mimi mjomba ninaye, tena mzima wa afya, na ndiye aliyesimama mlangoni mbele ya majirani akasema, "Mimba isiyo na mwenyewe haiingii kwangu. Irudishe ulikoitoa." Mjomba, ndivyo ulivyosema. Mama alikuwa nyuma yako, ameshika kapulana yangu ya kujifunga, akashindwa kunipa. Sikulaumu, Mama, wala usilie Zena akifika hapa.

Kipande cha mwisho nikapewa mimi. Mtu wa redio alipopata habari kwamba tunataka kukibadili, akakataa. Akasema kitabu ni kitabu, binti lazima afe, wasikilizaji wanapenda kulia, na mimi nikishindwa kumuua atasoma mwingine. Nikaitikia ndiyo bwana. Jana nikaingia redioni na Atija mgongoni, karatasi aliyonipa yule bwana nikaiweka mezani, nikaiacha hapo hapo. Nikasema kutoka kichwani mwangu. Nikasema binti hakufa. Homa ilimshika, ikapoa. Akaoga, akajifunga kapulana safi, akambeba mwanawe, akarudi kwao mchana watu wakimwona. Hakupitia uani. Alisimama mlangoni kwa mjomba wake akasema:

"Huyu ni wangu, nimemzaa mimi. Nilimwita wa marehemu kwa kuogopa, sasa siogopi. Sikuja kuomba msamaha. Nimemleta kwao."

Nikaishia hapo. Mtu wa redio akawa ananipungia mkono niendelee, mjomba aseme kitu. Nikatikisa kichwa, akaweka muziki. Nje akaniambia nisikanyage tena pale. Nikamjibu sawa, nimeshamaliza. Profesora akanifungia mtoto mgongoni, akanibana bega.

Leo bandarini hawaniachi. Wachuuzi, wapakizi, mpaka muuza barafu, wote wananiuliza mjomba alijibu nini. Nawaambia bado hajajibu. Bi Salama anacheka, anasema, "Mkaulize Pundanhar."

Na ni kweli, Mama. Mvua zikikatika na njia ikipitika, nakuja na Atija. Tutafika mchana. Baba yake sijui aliko wala simtafuti. Mtoto nimemwandikisha kwa jina la babu, baba yenu, Atija Bakari. Karani akaniuliza ni kwa ruhusa ya nani, nikamwambia ya mama yake. Mjomba, utamwona mwenyewe, paji la uso ni la babu mtupu, hata anavyolikunja akikasirika.

Nisalimie bibi, mwambie tumbaku yake ninayo. Nisalimie jirani yetu msuka mikeka. Nisalimie sana mke wa Mjomba, aliyenikimbilia njiani siku ile na mayai ya kuchemsha ndani ya mtandio. Nilikula mpaka Palma, sijasahau. Na wewe Zena, ahsante kwa kusoma bila kuruka.

Mjomba Saidi, shikamoo. Yule mjomba wa kwenye hadithi hatukumpa jina wala maneno. Kina mama wanangoja nikitoka huko niwaambie. Utakayoyasema mlangoni, hayo hayo ndiyo nitakayowasimulia.

Mimi mwanenu,
Mwanasha, mama Atija