Baba, Mashine Yako Haijui Chumvi

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia. Ungesema shule imeniharibu.

Nakuandikia kwa sababu mashine yako ya kutafutia vyuma imeondoka hapa nyumbani mchana huu. Imefungwa nyuma ya pikipiki ya Bwana Saidi, yule muuza vifaa wa Masasi, na mimi ndiye niliyemkabidhi. Niliifuta vumbi kwanza. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Nianze na Mama. Mama hayuko sawa, Baba. Korosho zinadondoka shambani Chilangala na hakuna anayeziokota. Anakaa kwenye mkeka, ameuelekea ukuta. Ming'oko, vile viazi vya porini anavyovipenda, nilimchemshia, akachukua kimoja kwa ajili yangu, akakirudisha kwenye sahani kimeng'atwa ncha tu. Siku zote za eda hakuwa hivi. Alilia, lakini alikuwa anakula, na akinisikia nasoma kwa sauti alinisahihisha. Alianza kuisha baada ya eda, siku tuliyompeleka Mtwara.

Unaijua desturi. Mjane akitoka edani, wanawake wa upande wa mume humwogesha na kumvika nguo mpya. Hapa Newala tungemwogesha uani, kwa ndoo. Lakini Shangazi Esha, dada yako, akapiga simu kutoka Mtwara. "Wifi yangu haogi maji ya kuhesabu. Mleteni huku, bahari haina foleni." Watu wote barazani wakacheka, na Mama akatabasamu. Tukashuka Mtwara.

Pete uliyomvisha, Mama aliivua tangu siku ya msiba, kwa kuwa mjane hajipambi. Ila hakuweza kuiweka mbali naye. Aliifunga kwenye pindo la kanga yake ya eda, fundo dogo gumu, na akilala analishika. Hilo alilijua yeye peke yake. Shangazi hakuambiwa. Na Shangazi anaamini kwamba mjane hatoki edani na fundo mwilini, liwe la nywele, la uzi au la nguo, maana likibaki hata moja, huzuni inabaki nalo. Basi walipomfikisha majini, maji yakiwa magotini, wakaanza kumfungua. Wakafumua nywele zake. Wakakata uzi aliofungwa mkononi. Shangazi akalifikia lile fundo la kanga, likawa gumu, akalifungua kwa meno, kisha akaikung'uta kanga juu ya maji kwa nguvu zake zote.

Mama alikuwa ameagizwa asitoe neno mpaka amalize kuogeshwa. Akatii. Mimi nilikuwa nchi kavu nimeshika gauni jipya, nikaona mdomo wake ukifunguka na kufungika, nikadhani ni baridi ya maji. Alipofika nilipo ndipo akasema, "Somoe, baba yako ameanguka majini." Sikumwelewa. Nilidhani amechanganyikiwa.

Shangazi alipoelewa alikaa chini pale pale kwenye maji na nguo zake zote. Tulitafuta kwa miguu na kwa viganja mpaka giza. Mahali tunapajua: mkabala na mivinje mitatu iliyoinama, kabla mchanga haujaanza kuwa na majani ya bahari. Maji yakipwa, pale ni mchanga mtupu, umelowa, unang'aa. Unaweza kusimama juu ya pete na usijue.

Nikakumbuka mashine yako. Nani asingeikumbuka? Nilikuwa nakufuata nayo tangu niko darasa la pili, wewe fundi bomba unatafuta mabomba yaliyofukiwa na watu waliokwisha kuhama, unapitisha ile sahani yake ya chini juu ya udongo mwekundu, na watu wanakutania njiani, "Mzee wa Dhahabu, leo tunatajirika?" Na wewe unawajibu, "Leo tunapata kutu." Ulinifundisha kuisikiliza. Ikilia kwa mkato, msumari. Ikilia sauti nene ndefu, bomba. Ikinyamaza, twende mbele.

Nilirudi Newala kuichukua, nikashuka nayo tena Mtwara. Maji yalipokupwa nikavaa vile visikizio vyako, nikaiwasha, nikaishusha juu ya mchanga ule. Baba, ililia. Nikachimba, hakuna kitu. Nikasogea, ikalia. Nikasogea tena, ikalia. Shangazi akapiga kelele kwamba hapa pana mali ya zamani, na kabla sijamzuia, majirani zake walikuwa wamekuja na majembe. Mzee mmoja alisema ni rupia za Wajerumani. Mwingine akamjibu kwamba kama Wajerumani wangekuwa na rupia nyingi hivyo wasingeondoka. Walichimba mashimo mpaka ufuo ukawa kama shamba la mihogo lililoingiwa na nguruwe, na kila shimo likajaa maji, na mashine ikawa inalia hata juu ya maji ya shimo lenyewe. Nilipoiinua hewani ilinyamaza. Nilipoishusha ililia. Nikavua visikizio nikavishika mkononi, na bado nilikuwa naisikia.

Kwetu huku ardhi iliyolowa ni habari njema. Bomba lipo, limepasuka, chimba. Mimi na mashine yako tulikuwa na elimu ya huku juu mlimani tu.

Tuliporudi Newala nilimweleza mwalimu wetu wa Fizikia. Hakunicheka. Alichora ubaoni baada ya kipindi, mimi na yeye tu. Alisema mashine hupeleka mawimbi chini na kusikiliza kitu chochote kinachopitisha umeme. Chumvi ikishayeyuka kwenye maji, maji hayo yanapitisha umeme, kwa hiyo kwa mashine yako ufuo wote uliolowa ni bati moja kubwa. "Haikudanganyi," alisema. "Imekwambia kweli, ila siyo kweli unayoitafuta." Akaniambia zipo mashine za baharini, za namna mbili. Ya kwanza hupiga mapigo mafupi ya umeme na kusubiri. Chumvi inasahau upesi, chuma na dhahabu vinachelewa kusahau, na hapo ndipo inavisikia. Inakwenda chini sana, lakini haichagui. Msumari na pete kwake ni ndugu. Ya pili hutuma mawimbi ya namna nyingi kwa pamoja, inalinganisha majibu, inaitoa chumvi pembeni, na kwenye kioo chake inakuonyesha namba ya kila kitu kilichopo chini. Hiyo inachagua, ila haizami sana kama mwenzake. Akaniuliza, "Pete ni ya nini?" Nikasema dhahabu. Akasema basi usikate tamaa, dhahabu haiozi wala hailiwi, bahari itaitunza.

Neno hilo nililibeba kama chakula. Nililala nalo.

Jioni ile nilikaa karibu na Mama, nikamwuliza kama ile dhahabu ilikuwa nzito au nyembamba, maana nyembamba ina sauti ndogo na inanipasa nijue kabla ya kuchagua mashine. Mama akageuka kutoka ukutani. "Dhahabu ipi?" akasema. Na akacheka, Baba. Kicheko kibaya, kikavu, lakini kicheko.

Kumbe ni nati. Nati ya shaba ya manjano ya koki ya gati la maji, lile bomba la foleni la kijiji, lililokufa, pale ulipomkuta amepanga ndoo na wenzake asubuhi nzima, wewe fundi umeletwa kuligeuza liwe hai, ukashindwa. Mama anasema uliifungua koki, ukachungulia ndani, ukawaambia wanawake, "Poleni, humu hata mjusi ana kiu." Wote wakakutukana isipokuwa yeye. Baadaye ukaichonga nati kwa tupa mpaka ikawa mviringo, ukaing'arisha, ukawaambia wakwe zako ni dhahabu ya Masasi, na yeye akakaa kimya nayo miaka yote. Ndiyo sababu alikuwa anaisugua kwa ndimu na majivu kila Ijumaa. Mimi nilidhani dhahabu husuguliwa hivyo.

Nilitaka kucheka naye nikashindwa, kwa sababu nilikumbuka maneno ya mwalimu. Dhahabu hailiwi. Shaba je? Nilimkimbilia kesho yake. Alisita kunijibu, na mwalimu akisita unajua. Alisema shaba ya manjano kwenye maji ya chumvi inageuka kijani, kisha inaliwa kidogo kidogo kutoka ndani. "Haitakwisha leo wala kesho," akasema, "lakini msikae."

Baba, usiku huo nilikuchukia kidogo kwa kutokuwa na hela ya dhahabu. Kisha nikakulilia. Niliwaza ile pete iko peke yake pale, maji yanapanda juu yake na kushuka, mchanga unaisogeza, inakonda. Na Mama huku anakonda. Sikujua nikimbilie wapi kwanza.

Nilipomwambia Mama hakulia. Aliuliza tu, "Inaliwa?" Nikasema ndiyo, polepole. Akanyanyuka. Akaenda kwenye sanduku lako la vifaa, lile ambalo hatujalifungua tangu tukuzike, akalifungua, akapekua chini ya tupa na misumeno, akatoka na nati nyingine. Koki ilikuwa na nati mbili. Ya pili hukuwahi kuichonga. Akaniwekea kiganjani na kusema, "Mwenzake huyu. Ukimsikia huyu, utamsikia yule."

Nilimpigia simu Bwana Saidi. Unamfahamu kwa maneno yake. Alikubali kuichukua mashine yako na kuniachia moja ya zile mbili, kwa kuwa wachimbaji wa huko kwake nchi kavu wanaipenda sana aina yako, lakini akasema mashine zake haziendi kujaribiwa Mtwara. "Ikishanusa bahari, binti, imeshaolewa." Alikuja leo na zote mbili. Nilimwuliza nitachaguaje bila bahari.

Mama ndiye aliyejibu. Alileta beseni la plastiki, siyo la bati, akanikumbusha kwamba hata wewe ulikuwa unatufukuza tukiisogelea mashine na mabeseni ya bati. Akajaza mchanga uliobaki tulipojenga choo. Akachota chumvi ya jikoni, yote. Kisha akainua ndoo ya maji ya kunywa, ile tuliyoipata juzi kwa foleni ya tangu alfajiri, akaimimina ndani mpaka tone la mwisho. Bi Asumini, jirani, alikuwa amesimama kwenye ua. Akasema, "Mama Somoe, maji ya kunywa unapikia mchanga?" Mama hakugeuka. "Kanywe kwako, Bi Asumini." Bi Asumini akaguna, lakini hakuondoka. Alitaka kuona.

Niliwasha yako kwanza. Ililia juu ya beseni kama ilivyolia Mtwara, na Bwana Saidi akatikisa kichwa. Nikajaribu ile ya mapigo. Kimya kabisa. Mama akaifukia nati, mashine ikaimba, nzuri, nzito. Nikafurahi. Kisha akafukia msumari, ikaimba vilevile. Kisoda, kile kifuniko cha chupa, vilevile. Nikaukumbuka ufuo ule wenye visoda na makopo, na jinsi maji yanavyorudi upesi, na mikono yangu ni miwili. Nikawasha ile yenye kioo. Nikaiambia hapa ni baharini, kuna kitufe chake. Ilinyamaza juu ya chumvi. Nati ilipofukiwa ikatoa namba. Msumari ukatoa namba nyingine ya chini kabisa na sauti ya mkwaruzo. Nikairudia nati mara nyingi, ikiwa imelala na ikiwa imesimama, namba ikitikisika kidogo tu, mpaka Bwana Saidi akasema, "Inatosha, mtoto wa fundi." Kisoda kimoja kilikaribiana nayo, sikufichi. Kwa hiyo nitachimba visoda. Na kama pete imeshuka chini sana, nitapita juu yake na mashine itanyamaza, na huenda ile niliyoikataa ingeisikia. Nilichagua moja na haibadilishwi. Nimekuuliza sana mchana kutwa, Baba, wewe ungechagua ipi.

Yako ikaondoka. Nilitazama mpaka kona ya sokoni. Nilibakiza visikizio vyako. Bwana Saidi aliviona shingoni mwangu akajifanya hakuviona.

Kesho tunapanda gari la asubuhi kwenda Mtwara, maji yatakuwa yanakupwa. Shangazi ameshafunga vijiti na kamba pale kwenye mivinje ili nisirudie mstari mmoja mara mbili. Mama anakwenda. Sikumwomba, amekunja nguo zake mwenyewe.

Ninaogopa. Nimeshaona jinsi mchanga ule unavyojifunga baada ya kuuchimba, haubaki hata alama. Lakini nimejifunza namba moja vizuri, na nadhani naweza kuisikia hata nikiwa nimechoka.

Kwaheri, Baba. Allah akulaze pema. Nakuahidi nitapita mchanga ule mstari kwa mstari, kesho na kila likizo, na kila shimo nitalifukia kama ulivyonifundisha. Ikitoka ya kijani, ikitoka nusu, nitamvisha hivyo hivyo. Na Mama sitamwacha peke yake ndani ya maji tena, hata kwa desturi ya nani.

Naacha hapa. Ananiita kutoka jikoni, anasema uji huu nimeupika mwepesi na hauwezi kumfikisha mtu Mtwara, kama kuna muhogo niulete.

Binti yako,
Somoe