Rhode Island Hakuwa Mkorofi

Jumamosi, Februari 2006. Euless, Marekani.

Barafu imeng'ang'ania vioo vya magari tangu asubuhi, na mimi nimeng'ang'ania hasira. Chai niliyopika imepoa mezani. Naandika kwa sababu nikishika simu sasa hivi nitasema maneno ambayo mama hakunifundisha.

Nina hasira na Kaka Wilfred.

Wilfred ndiye anayetufundisha kanisani kila Jumamosi, sisi tunaojiandaa kwa mtihani wa uraia. Ni mhasibu, shati lake limenyooka pasi hata kwenye baridi hii, na anajitolea. Kwa hayo namshukuru, sitaki kuwa mtu asiye na shukrani.

Leo tulifika kwenye majimbo kumi na matatu ya mwanzo. Watu wakaguna, maana hapo ndipo wengi tunapokwama. Wilfred akasema msiogope, hawa ni ukoo mmoja tu. Akaanza kuandika ubaoni. Virginia, kifungua mimba. Georgia, kitinda mimba, aliyekatazwa kuwa na watumwa akalialia mpaka akaruhusiwa kama kaka zake. Carolina mbili, waliozaliwa mtu mmoja kisha wakagawanywa. Delaware, aliyelelewa nyumbani kwa Pennsylvania, halafu akawatangulia wote kuikubali katiba.

Nikaweka kalamu chini.

Ule ukoo ni wa Eli.

Elibariki, mdogo wangu, alikuwa akipakia mizigo kwenye ndege hapa uwanjani mpaka mwaka jana moyo wake uliposimama. Tuliomba uraia pamoja. Akitoka kazini alimwaga maharage mabichi juu ya meza hii hii, kila punje jimbo, na kila jimbo ndugu. Rhode Island ilikuwa punje ya choroko, kwa kuwa ndilo jimbo dogo kuliko yote. Wilfred alikuja sana kula ugali kwetu siku hizo. Aliyasikia yote, akicheka huku tonge liko mdomoni.

Kuyachukua tu kusingeniudhi. Eli alipenda watu wale cha kwake.

Lakini Wilfred alipofika Rhode Island alisema, "Huyu sasa ndiye mkorofi wa ukoo. Kikao cha katiba kimeitwa, wenzake wote wametuma watu, yeye hayupo! Akaja kukubali wa mwisho kabisa, tena kwa kusukumwa. Kila ukoo una mmoja wa hivi, au nadanganya?"

Darasa zima likacheka. Mtu nyuma yangu akasema kwao wako watatu.

Eli hakusimulia hivyo. Eli alianza na Massachusetts, kaka mcha Mungu anayejua makosa ya kila mtu. Huyo alitoka Uingereza ili aabudu apendavyo. Alipofika huku, akamfukuza mwenzake kwa kuabudu apendavyo, tena katikati ya baridi. Aliyefukuzwa akapokelewa na wenyeji, wale waliokuwa na nchi yao kabla ya ukoo wowote, na kwenye ardhi waliyompa ndipo Rhode Island ikaanza. Waliokataliwa kwingine wakamfuata huko. "Sasa dada," Eli aliniuliza, choroko ikiwa kwenye ncha ya kidole, "mtu kama huyo utamlaumu akikawia kwenda kwenye kikao cha waliomfukuza?"

Hakuwa akiniuliza habari za Marekani.

Baba alimfukuza Eli nyumbani kwetu Same siku alipoacha seminari. Wazee walikaa kikao, wakamwita, hakwenda. Mpaka leo kule jina lake ni mkorofi. Alipokufa, salamu za rambirambi kutoka nyumbani zilikuwa fupi kama risiti.

Na leo nimelisikia neno lile lile, kanisani, kwa mdomo wa mtu aliyekula kwake.

Nilisimama. Mimi, ambaye hata kwenye kwaya huwa naambiwa niongeze sauti.

"Hakuwa mkorofi," nikasema. "Alifukuzwa. Hiyo umeiruka."

Wilfred akatabasamu. "Dada Namkunda, usi-take personal. Ni jimbo tu."

"Wewe umesema ni ukoo. Ulifundishwa na Eli, mezani kwangu. Kama unasimulia habari zake, simulia zote."

Tabasamu likamfutika usoni. Mama Wambui, Mkenya anayeishi kule Carrollton, akadakia: "Wacha aseme bwana. Mimi huyo mdogo nimeanza kumhurumia." Lakini sikutaka wanione nikilia. Nikachukua koti nikatoka, nikakwangua barafu ya kioo kwa kadi ya maktaba, nikilia kama mtoto.

Simu imeita mara mbili tangu nirudi. Ni Wilfred. Sijapokea.

Najua hakukusudia. Labda alisahau ile sehemu ya baridi na kubaki na kichekesho. Ndivyo watu wanavyowakumbuka marehemu, wanachukua kinachochekesha. Najua, na bado nina hasira. Nina hasira na Wilfred, na wazee wa Same, na baba pia, Mungu anisamehe. Nina hasira kwamba mdogo wangu alifukuzwa mara moja akiwa hai, na leo mara ya pili.

Wiki iliyopita, nikifagia, niliikuta ile choroko nyuma ya jokofu. Iko kwenye kisahani cha chumvi. Sijui kwa nini naiogopa.

Kesho ibadani nitamsalimia Wilfred, maana nimelelewa hivyo. Jumamosi ijayo nitakwenda mapema, nikae mstari wa mbele, na choroko yangu mkononi, na nitaomba nafasi nisimulie habari za Rhode Island mimi mwenyewe, tangu ile baridi.

Na siku afisa wa uhamiaji atakaponiambia nitaje majimbo ya mwanzo, ukoo mzima utanisubiri. Sitaanza na kifungua mimba. Nitaanza na aliyefukuzwa.